Pua Ilielekea Mjini

Palikuwa na rubani mmoja, ndugu zangu, aliyeendesha kindege cha misheni cha injini moja. Alikuwa mcha Mungu kweli, si wa Jumapili tu. Na alikuwa na desturi yake: kindege kikishafika juu na kutulia, hufumba macho, huongoza abiria katika sala, na kwenye "Amina" hupapasa na kubonyeza kitufe cha mtambo unaoiongoza ndege bila mkono wa mtu. Hakutazama. Alipenda kusema vidole vyake vina miaka kumi na tisa kazini.

Sasa, vitufe vya mtambo ule ni viwili, na vimekaa jirani. Kimoja huiambia ndege ifuate njia mpaka mjini. Upepo ukiisukuma, irudi njiani. Cha pili huiambia ishike tu upande pua ilikoelekea, basi. Upepo ukiihamisha, shauri yake.

Siku hiyo alimbeba mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, mtoto hatoki. Mumewe, mfugaji, alikuwa amempakata kichwa. Safari ilikuwa ya saa moja. Mawingu yametanda chini, upepo unavuma kutoka ubavuni. Rubani alisali sala ndefu, akatokwa na machozi, maana alimhurumia yule mama. Amina. Akabonyeza, na kidole kikaangukia kitufe cha pili.

Pua ilielekea mjini, ndege ikaenda upande kama kaa. Rubani akajaza karatasi za hospitali, kisha akaanzisha wimbo.

Nusu saa baadaye mawingu yakaachana kidogo. Mume akachungulia, akachungulia tena.

"Mzee, lile ni bonde la magadi. Nimechunga ng'ombe pale. Haliko njia ya mjini."

"Kijana wangu, ukiwa juu macho hudanganya. Safari tumeshamkabidhi Mungu."

"Naomba uangalie tu."

Hakuangalia. Mnajua kwa nini? Aliona aibu kuonyeshwa njia na mtu anayepanda ndege kwa mara ya kwanza. Je, mtu huyo hatumjui?

Saa ilipotimia alishuka chini ya mawingu kuutafuta mji, akakuta nyika tupu. Akautazama mtambo, akaona kitufe alichobonyeza. Akageuza, na sasa upepo ukawa unampiga usoni. Alipigana nao dakika ishirini na tano. Yule mama alikata roho kiwanja kikiwa kinaonekana, akaondoka na mtoto wake.

Mume hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Mzee, ulipokuwa unasali, ulikuwa unaongea na nani?"

Swali hilo nawaachia ninyi.

Ndugu zangu, leo sikuja na faraja. Mtambo haukukosea, ulifanya ulichoambiwa. Sisi nasi nyuso zetu zimeelekea mbinguni, hilo silikatai. Lakini tumehamishwa, kidogo kidogo, miaka yote hii, huku tunaimba. Na kila aliyetusihi tuangalie, mke, jirani, maskini asiyejua kusoma, tulimnyamazisha kwa neno la Mungu. Mnadhani tutapotea kabisa? Mimi siogopi hilo. Naogopa kwamba tutafika, tena kwa nyimbo, na wale tuliopewa kuwabeba watakuwa wameshakufa mikononi mwetu.