Kanisa Lijae Leo

Gavana Kimbute aliwasweka rumande waumini wote wa kanisa la mabati, isipokuwa Ndeshi, mwalimu wa kwaya, aliyeponyokea dirishani. Gavana aliposikia wageni wa kimataifa wanakuja kukagua uhuru wa kuabudu, akamwita kwa upole.

“Mama Ndeshi, nataka kanisa lijae leo, tena liimbe!”

“Mheshimiwa, waimbaji wote unao wewe.”

Akawatoa. Wakaimba mpaka mabati yakatetemeka, na wageni wakacheza.

Magari yalipoondoka tu, gavana akafoka, “Haya, warudi ndani!”

“Sawa. Ila wageni wameondoka na orodha ya wanakwaya. Watarudi kila mwezi kuita jina mojamoja.”

“Nani kawapa?”

“Mimi. Na Jumamosi usikose mazoezi, Mheshimiwa. Nimekuandika besi.”