Kituo cha Mlangoni kwa Kifaru

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa reli.
Reli ya wapi?
Ya kwenu, isiyofika kwetu.

Basi kaeni chini. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi sirudii.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji, na mji ulikuwa na tramu moja, kling kling, ikaishia Sokoni. Waliokaa kupita Sokoni walitembea kwa miguu. Wazee wakakata shauri: reli irefushwe hadi mtoni.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Kifaru. Nyumba yake kubwa, uwanja wake wa majani mkubwa zaidi, na njia fupi ya kwenda mtoni ilipita humo humo uwanjani. Kifaru akasema, "Majani yangu hayakanyagwi. Ipitisheni Majabalini."

Majabalini ndiko alikokaa Pimbi na mkewe na watoto, katika mapango aliyoachiwa na babu yake.

Akaja Nyani na kopo la rangi nyekundu. Chwa, chwa. Akachora eksi mlangoni kwa Pimbi. Kilichopigwa eksi kinabomolewa, reli ipite.

Pimbi akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Pimbi, mzee."

"Yule asiye na mkia?"

"Ndiye. Nyumba yangu imepigwa eksi."

"Sheria ni msumeno," Kifaru akasema. "Inakata mbele na nyuma. Nenda."

Pimbi hakwenda. Alikuwa amesimama chini kabisa ya pua ya Kifaru, na bado ameulizwa nani huyo. Mji mzima ulijua kwamba macho ya Kifaru hayaoni mbali, wala karibu hayaoni sana. Hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Basi nipe kibarua, mzee. Nibebe vigingi."

Kifaru akacheka. Mtu abebe kigingi cha kubomolea nyumba yake mwenyewe! Akampa.

Asubuhi akaja Korongo, mpima wa mji, na kamba yake. Watu wakakusanyika kuona kigingi cha kituo kinapigwa wapi. Kifaru akakaa barazani kwake akasema, "Kituo nakitaka karibu. Mimi sitembei."

Pimbi akapiga kigingi kule Majabalini. Ngo, ngo, ngo.

"Mzee, hapo?"

Kifaru akakodoa macho. Aliona weupe mtupu.

"Mbali. Sogeza."

Pimbi akasogeza. Akapiga kwenye ua wa Kifaru. Ngo, ngo, ngo.

"Mzee, hapo?"

"Mbali. Sogeza."

Pimbi akasogeza. Akapiga katikati ya majani. Ngo, ngo, ngo.

"Mzee, hapo?"

Korongo akakohoa. "Mwenyekiti, reli si nyoka. Kigingi kikija huku, na yenyewe inakuja..."

"Wewe Korongo, mwenyekiti hapa nani?"

"Ni wewe."

"Basi funga mdomo. Pimbi, sogeza."

Pimbi akasogeza. Akapiga kizingitini. Kifaru akainama, pembe ikagonga kigingi, ko.

"Hapo," akasema. "Kazi ngumu hiyo?"

"Liseme wazi, mzee, watu wakusikie."

"Ni hapo, na haking'oki."

Korongo akavuta kamba kutoka Sokoni hadi kwenye kigingi, na kutoka kwenye kigingi hadi mtoni. Kamba ikanyooka twaa. Majabalini haikugusa hata jiwe. Iliingia mlango wa mbele wa Kifaru, ikapita sebuleni, ikatokea jikoni. Nyani hakuuliza mtu. Yeye hufuata kamba. Chwa, chwa.

Kifaru akanusa. "Rangi ya nini hiyo?"

"Eksi, mzee," Pimbi akajibu.

"Ya nyumba ya nani?"

"Hii."

Kifaru akapiga mguu chini, gu. "Nani kakileta kigingi hapa?"

"Mimi, mzee. Umesema sogeza, nikasogeza."

Fisi akauliza kwa upole mwingi, "Kwani mwenyekiti hukukiona kinavyokuja?"

Ilibaki njia moja ya kuiokoa nyumba: aseme sikukiona, kigingi king'olewe, kazi ianze upya. Kifaru akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Nilikiona tangu mwanzo," akasema. "Mimi naona kuliko nyote. Bomoeni."

Wakabomoa.

Tramu ikapita, kling kling, na kondakta anaita, "Kwa Kifaru, wa kushuka Kwa Kifaru." Kifaru mwenyewe hakai hapo. Anakaa kwenye matope ya mtoni, na akitaka kwenda Sokoni anaifuata reli kwa miguu, kwa sababu vibao vya tramu havioni na kuuliza hataki. Pimbi ameipaka eksi yake chokaa. Ukisogea karibu bado inaonekana.

Hadithi yangu imefika mwisho wa reli. Na funzo, maana najua mtanidai: mtiini mkubwa. Pimbi alitii kila neno, akabaki na nyumba yake. Korongo alisema kweli, akaambiwa afunge mdomo. Mimi naipenda kweli, mnanijua, lakini funzo ndilo hilo, sina jingine. Anayeshuka ashuke, anayebaki afagie behewa.