Mheshimiwa Dakta Mashaka

Mkurugenzi Mashaka alikuwa amejipachika udaktari juzijuzi tu, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Aliibwaga ripoti ya bodi, nene kama tofali, mezani kwa Siwema, mpiga chapa wake.

"Kila penye Mashaka, weka Mheshimiwa Dakta Mashaka, herufi kubwa, wino mwekundu. Likibaki hata moja, huna kazi!"

"Kila penye Mashaka, bosi? Hata lililojificha katikati ya sentensi?"

"Kila penye Mashaka! Wewe badilisha tu, kufikiri niachie mimi."

"Nimekuachia, bosi."

Siwema alirekodi makro, yaani amri inayoifanya kompyuta irudie kazi yenyewe, akabonyeza kitufe, akaenda zake kunywa chai.

Kikaoni Mashaka alisoma ripoti mwenyewe, bila kuipitia kwanza. Kila alipouona wekundu alitanua kifua na kupaza sauti. Alipofika kwenye hitimisho, akanguruma:

"Ndugu wajumbe, ili wananchi watuamini, hatuna budi kuondoa MHESHIMIWA DAKTA MASHAKA katika ofisi hii!"

Mwenyekiti akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Naunga mkono hoja," alisema.