Sukari Ikivuta Uzi

Sukari ikivuta uzi haingoji salamu. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani aliyekuwa akimbishia hodi, nanyi mmecheka, kisha mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni niwaeleze. Yalitoka jikoni, katika nyumba moja ya Pangani.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Rukia. Mwanawe alikuwa amemwoa Mwanamvua, binti mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa wasiwasi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: mke mpya hakupewa jiko lake mpaka apike kitu kitamu ambacho wageni watakila na kukisifu. Kabla ya hapo alipika kwa amri ya wifi yake, Siwema. Siwema ndiye aliyesema moto uwashwe lini, chumvi itiwe kiasi gani, na nani apakue. Mwanamvua alikuwa amechoka kuomba ruhusa ya kuchemsha maji.

Siku yake ikafika. Wageni wa kiume walitarajiwa baada ya sala ya alasiri kunywa kahawa, na Bi Rukia akamwagiza Mwanamvua apike kashata za njugu.

Tangu asubuhi hakutulia. Alikaanga njugu, akazipepeta maganda, akazipepeta tena ingawa maganda yalikwisha. Alipaka sinia mafuta, akalifuta, akalipaka upya. Hatimaye akabandika sukari na maji kidogo, akasimama juu yake kama mlinzi. Kila mara aliinua mwiko kuona kama sukari imeanza kuvuta uzi, yaani kudondoka kama uzi mwembamba usiokatika.

Ikavuta. Akamimina njugu, akakoroga. Hapo hapo akasikia hodi mlangoni.

Alikuwa Bi Mwanakombo, dada mkubwa wa Bi Rukia, mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa kushika adabu. Mbele yake kijana hakusalimia akiwa amesimama, wala akiwa ameshika kitu. Mwanamvua aliipua sufuria, akaacha mwiko ndani, akaenda kupiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama mkubwa."

"Wazazi wako hawajambo? Na yule bibi yako wa Muheza, mguu umepona?"

"Umepona, mama mkubwa."

"Ulipona wenyewe, au alichuliwa?"

Mwanamvua alijibu habari za mguu. Akajibu habari za mahindi, za ndugu waliosafiri, na za mbuzi wa baba yake. Macho yake yalikimbilia kwenye sufuria na kurudi. Bi Mwanakombo alipomaliza kuuliza, aliingia ndani kwa dada yake, na Mwanamvua akarukia mwiko.

Mwiko haukusogea. Aliuvuta kwa nguvu, na sufuria nzima ikainuka pamoja nao.

Siwema alitokea, akatazama, akashika kiuno. "Wifi, umepika kashata au nanga?"

"Nisaidie, wifi. Usinicheke."

"Sikucheki. Nawaonea huruma wageni. Wana meno yao bado."

Walitia maji, wakairudisha sufuria motoni. Chini ikaungua, juu ikabaki jiwe. Waliigonga kwa mchi. Kipande kikaruka dirishani, jogoo akapiga kelele uani, na Bi Mwanakombo akauliza kutoka ndani ni nani anayejenga.

Wakati huo jua lilikuwa limeanza kuinama. Sukari iliyobaki ilitosha kupika mara moja tu, na njugu vivyo hivyo.

"Niachie mimi," Siwema alisema, sasa bila mzaha. "Utajaribu mwaka ujao."

"Mwaka ujao?" Mwanamvua alijibu. "Hapana, wifi. Nipe sufuria nyingine."

Alibandika upya. Safari hii hakufuta sinia wala hakupepeta kitu. Ni Bi Rukia sasa aliyekosa utulivu. Alipanga vikombe, akavipangua, akachungulia njiani, mwisho akamshika dada yake mkono, wakaja jikoni pamoja kuona mambo yamefikia wapi.

Walisimama mlangoni wakingoja kuamkiwa.

Sukari ilikuwa imeanza kuvuta uzi. Mwanamvua aliwaona, wala hakugeuka. Alimimina njugu.

Bi Mwanakombo alikohoa.

"Mwanamvua," Bi Rukia aliita kwa aibu, "wakubwa zako wamesimama."

Alikoroga.

"Rukia," Bi Mwanakombo alisema, "mkweo huyu ana masikio?"

Siwema alijifunika uso kwa kanga. Mwanamvua alimwaga mchanganyiko siniani, akausawazisha kwa mgongo wa upawa, akashika kisu. Alikata marefu, akakata mapana, haraka, jasho likimdondoka kidevuni. Alipomaliza mstari wa mwisho aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda kupiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, mama. Niwieni radhi. Nyinyi ni watu wazima, mna subira ya kuningoja. Ile sufuria haina."

Kwa Mwanamvua, marahaba ile ilikawia kuliko mapishi yote mawili. Bi Mwanakombo alimpita, akainama kwenye sinia, akachukua kipande cha pembeni. Kilikatika kwa mlio mwembamba. Akatafuna polepole, akamtazama Siwema, akamtazama dada yake, kisha akaigeukia ile sufuria ya kwanza yenye mwiko uliosimama wima.

"Hii niliipika mimi," alisema. "Niliipika kwa mguu wa bibi wa Muheza."

Siwema ndiye aliyeanza kucheka.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanakombo aliendelea. "Inuka, uwapelekee wageni. Nawe, Rukia, kesho mpe mtoto mafiga yake."

Wageni walikula, wakasifu, sinia likarudi tupu. Kesho yake Mwanamvua aliwasha moto wake bila kumwuliza mtu. Na tangu hapo, mgeni yeyote aliyefika akitaka kuingia jikoni kusalimia wakati wa mapishi, Bi Mwanakombo mwenyewe, mwanamke yule yule wa adabu, alimvutia mkeka barazani na kumwambia, "Keti kwanza, mwenzangu. Adabu haitapungua. Sukari ikivuta uzi haingoji salamu."