Usingizi wa Kakakuona na Pikapu ya Kijani

Sogeeni, na wewe uliyekalia kanga yangu, inuka kidogo niivute. Haya. Hadithi ya leo ina kicheko katikati, lakini mwisho wake haunichekeshi mimi, kwa hiyo asinisumbue mtu.

Hapo kale, wanyama walipochoka kutembea kwa miguu, kila mwenye familia alianza kutafuta gari. Ndipo Nguchiro, yule mdogo mwenye miguu mifupi na maneno mengi, akafungua yadi ya magari yaliyotumika pale njia panda. Haikuwa yadi ya kujivunia. Ilikuwa na uzio wa mabati, kibanda cha chai, na magari ambayo kila moja lilishapita mikononi mwa wenyewe kadhaa. Lakini Nguchiro aliipenda. Asubuhi alipita akiyafuta vumbi na kuyasemesha, hili akilisifia macho, lile akilipa pole kwa safari zake.

Sasa niwaambie ukweli. Wateja hawakuja kwa ajili ya Nguchiro, maana mdomo wake uliwachosha. Walikuja kwa ajili ya fundi wake, Kakakuona.

Kakakuona alikuwa mkubwa kwa Nguchiro kwa umri, mpole, mzito wa kusema. Macho yake hayakuona mbali, lakini masikio yake yalisikia ugonjwa wa injini kabla mwenye gari hajashuka. Na alikuwa na tabia moja: mchana, jua likishakuwa kali, alikuwa akitafuta gari lenye kivuli kizuri, anaingia chini yake, anajikunja duara na kulala. Hakulala chini ya gari lolote tu. Gari linalovuja oili lilimdondokea kwenye magamba, naye alichukia kuamka amechafuka. Gari ambalo hakupenda sauti yake hakulisogelea kabisa, alisema linamwotesha ndoto mbaya.

Wateja waliligundua hilo wenyewe. Wakawa wanakuja saa za mchana, wananunua chai, wanakaa kimya wakingoja waone fundi atalala wapi. Akishalala, aliyewahi alikwenda kugusa boneti ya gari lile, na biashara ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemwuliza Nguchiro swali. Kakakuona mwenyewe alipoambiwa alicheka sana, akasema yeye analala tu, hamshauri mtu. Lakini mnajua, kuanzia hapo alizidi kuwa makini na mahali anapolala. Alijua kuna watu wanamtegemea.

Basi katika yadi ile kulikuwa na pikapu moja ya kijani. Nguchiro aliinunua mnadani siku ambayo Kakakuona alikuwa na homa, na aliinunua kwa sababu ya rangi yake. Ilipofika, Kakakuona aliisikiliza kidogo tu akatikisa kichwa. Alimwambia mwenzake giaboksi imekwisha, ikipanda mlima itakuja kumshinda dereva, waivunje wauze vipuri. Nguchiro hakutaka kuivunja. Kila alipoiona pale pembeni, ikidondosha oili mchangani, aliona inamcheka.

Siku hizo ndipo Nyati alipoanza kuja.

Nyati mnamjua. Mwili mkubwa, sauti kubwa, na hana mkono wa taratibu. Mto wa upande wao ulikuwa umekauka, naye alitaka gari la kubebea mapipa ya maji kupandisha kilimani kwa wazee na ndama wa ukoo wake. Nguchiro alimsalimia shikamoo, akaitikiwa kama anavyoitikiwa nzi. Nyati alifungua milango kwa nguvu mpaka mmoja ukabaki unaning'inia. Alipiga mateke matairi. Mwisho, mbele ya wateja wote pale kibandani, alisema kwa sauti, "Mimi sinunui maneno ya kidudu kama wewe. Nitakuja mchana siku nyingine nione fundi amelala wapi."

Watu wakacheka. Nguchiro naye akacheka, kwa sababu alikuwa na wageni. Ndani alikuwa anachemka.

Mngefanya nini nyinyi? Msiniambie, najua. Mngefanya kama yeye.

Haukupita muda dada yake Kakakuona akaugua, fundi akaaga kwenda kumwuguza. Nguchiro alipobaki peke yake alikunja mikono ya shati. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua na kukishindilia pale oili ilipokuwa ikitoka mpaka pakakauka. Halafu akanunua ndizi mbivu, zile zilizolainika hata sokoni hazitakiwi, akazimenya, akazishindilia ndani ya giaboksi. Hii ni dawa ya matapeli wa magari. Meno ya gia yaliyokuwa yakisaga krrr, krrr, yanatulia kwa siku chache, mpaka ndizi ziungue. Akawasha. Pikapu ikanguruma vizuri kama imetoka kuzaliwa.

Kakakuona aliporudi, Nguchiro alimwambia kuwa ameleta fundi wa mjini, wamebadilisha giaboksi nzima. Kakakuona hakuwa na sababu ya kumshuku. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akapapasa chini kwa kucha zake, pakavu. Akasema, "Wameifunga vizuri. Mimi nilishaikatia tamaa," na akafurahi kwa niaba ya mwenzake. Ile furaha, wanangu, ndiyo ingemtosha Nguchiro kuacha. Hakuacha.

Nyati alipoonekana anakuja tena mchana, Nguchiro aliwahi kuvunja kipande cha kichuguu nyuma ya uzio, akakisagia chini ya pikapu. Mchwa wakatapakaa. Kakakuona akanusa, akafuata pua yake, akalamba mchwa mpaka wa mwisho. Ameshiba, kivuli kiko hapo hapo, mchanga mkavu. Akajikunja, akalala.

Nyati alikuwa ameshika kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini bila kukimaliza, akavuka yadi kwa hatua za kimyakimya asimwamshe fundi, akaweka kwato yake juu ya boneti ya kijani. Hata bei hakubishana. Alingoja mpaka Kakakuona alipoamka mwenyewe na kutoka, akamshukuru, kisha akaondoka na gari lake.

Nguchiro alipofika nyumbani alimsimulia mkewe huku anajiviringisha sakafuni kwa kucheka. Aliigiza Nyati anavyotembea kwa vidole. Mkewe alicheka pia, kisha akauliza, "Na Kakakuona alisemaje?" Nguchiro akajibu kuwa Kakakuona hajui kitu, na wala hatajua. Lakini kicheko kilimpungua kidogo.

Yaliyotokea kilimani tuliyasikia baadaye. Ndizi ziliungua. Pikapu ilikuwa inapanda, katikati ya mlima, mapipa yamejaa, ndama wanakimbia nyuma yake kwa furaha ya kuona maji. Gia ikachomoka. Gari likaanza kurudi nyuma. Nyati aliruka nje, akazunguka, akalizuia kwa kichwa chake na mgongo wake mpaka ndama wa mwisho alipotoka njiani. Kisha likamshinda, likaporomoka korongoni pamoja na maji yote. Ndama walikuwa salama. Nyati alivunjika pembe.

Alikuja yadini kwa miguu. Nguchiro alipomwona getini alijificha nyuma ya basi dogo, halafu akaona aibu, akatoka, akijiandaa kukanyagwa. Alikuwa ameshatunga na uongo wa kusema. Lakini Nyati alimpita. Hakumkasirikia hata kidogo. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Wewe sikukuamini tangu mwanzo, kwa hiyo sina la kukudai."

Alikwenda moja kwa moja hadi alipokuwa Kakakuona, anakaza nati. Akajishusha, mwili wote ule mkubwa, akakaa chini mchangani mbele yake.

"Fundi," akasema, "nilikuona kwa macho yangu ukilala pale. Wanangu nusura wafe. Nilikukosea nini?"

Kakakuona aliweka spana chini. Aliinua pua, akaipeleka taratibu mpaka ikagusa ile pembe iliyovunjika, maana macho yake hayakuwa yameiona.

"Hukunikosea kitu," akasema. "Niliisikiliza mwenyewe, nikaipapasa mwenyewe. Nikasema nzima. Nadhani masikio yangu yamechoka, Mzee Nyati. Nimezeeka na sikujua. Unisamehe."

Na Nguchiro alikuwa amesimama hapo hapo. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Aliangalia ile pembe, akaangalia wateja kule kibandani wamegeuza shingo wote, akakimeza.

Nyati alipokwenda, Kakakuona alifuta spana zake moja moja akazipanga. Kisha akamgeukia Nguchiro na kumwomba radhi. Eti yeye! Alisema, "Nimekuharibia yadi, mdogo wangu. Tafuta fundi mwenye masikio mazima." Nguchiro akamwambia asiende. Alimwambia hivyo kwa moyo wake wote, lakini sababu ya kumfanya abaki hakuitoa, na bila sababu hiyo Kakakuona hakuweza kubaki. Akaenda kwa dada yake, hakuchukua hata spana moja.

Yadi haikufa siku ile. Wateja waliendelea kuja mchana, wakanunua chai, wakangoja. Wakaulizia fundi. Wakaambiwa hayupo, wakainuka. Nguchiro sasa alianza kusema kweli. Aliwaambia hili linakula mafuta, hili breki zake ni za kubadilisha, hili halina tatizo kabisa, chukueni hili. Alisema kweli mpaka sauti ikakauka, nao walimsikiliza kwa adabu kisha wakaenda zao.

Alichukua gari bora kuliko yote pale yadini, akaliendesha mwenyewe hadi kilimani, akamkabidhi Nyati funguo bure. Alitumaini moyo utapoa. Nyati alilizunguka gari lile bila kupiga teke hata tairi moja. Ndama walikuwa wamesimama kando, hakuna aliyelisogelea. Nyati akauliza, "Nani amelala chini yake?" Nguchiro akarudishiwa funguo zake.

Kutoka kule hakurudi yadini. Alikwenda kwa dada yake Kakakuona.

Yule dada alimkaribisha uani, akamwambia kwa kunong'ona kuwa kaka yake amebadilika. Mchana halali tena. Anazunguka tu ua mzima, na gari likipita barabarani anawauliza watoto kama wamesikia kitu ambacho yeye hakusikia. Juzi alimwomba mtoto amgongee sufuria sikioni, ajipime. Nguchiro alisikia hayo akatamani ardhi immeze.

Kakakuona alimfurahia, akaulizia hali ya mkewe na ya magari, akiyataja moja moja kwa rangi na sauti zake. Nguchiro hakukaa. Akamwambia yote akiwa amesimama. Sabuni, ndizi, mchwa. Fundi wa mjini ambaye hakuwahi kuwepo.

Kakakuona alipapasa masikio yake kwa kucha, moja kisha jingine.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," akasema.

"Ni mazima, mzee wangu. Yalikuwa mazima siku zote."

"Na siku ile Nyati aliponiuliza amenikosea nini, wewe ulikuwa wapi? Mimi sioni vizuri."

Nguchiro angeweza kusema alikuwa kibandani. Angeaminiwa.

"Nilikuwa nimesimama ubavuni kwako," akasema.

Kakakuona akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesikiliza injini. Alimwomba jambo moja tu, kwamba aende akamwambie na Nyati. Kisha akatafuta kivuli cha ukuta wa jikoni, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke yadini akajikunja duara ili alale. Magamba yakafungana, kichwa kikapotea ndani, mkia ukafunika juu.

Nguchiro akachuchumaa kando yake kungoja aamke, amwombe msamaha. Alingoja mpaka kivuli kikahama. Aligusa magamba kwa kidole, taratibu. Akaita, "Fundi." Akaita, "Mzee wangu." Ndani pumzi zilikuwa zinakwenda, na hazikuwa pumzi za mtu aliyelala.

Dada mtu alitoka kuanua nguo, akamtazama kwa huruma.

"Nenda nyumbani, mwanangu," akamwambia. "Huyo akishajifunga, wa nje hamfungui."

Nguchiro akainuka, akashika njia ya kilimani kwa Nyati, kwa miguu, gari akiliacha nje ya ua, na ngano yangu inamwacha hapo njiani, wanangu: anayemtumia rafiki mwaminifu kumlaghai adui, wa kwanza kumpoteza ni rafiki.