Furushi la Bi Siwatu

Nguo ya safari haichagui shughuli. Methali hii ilianza hivi. Lakini kwanza, Salha, ondoka juu ya hilo begi. Utavunja zipu, na zipu ya begi la kuazima ni ugomvi wa mwaka mzima. Shangazi yako amekutupia maneno hayo kwa sababu amekuona unajaza mabegi mawili kwa safari ya wiki moja, kisha akaenda zake bila kueleza kitu, kama ilivyo desturi yake. Sasa mnanijia mimi, wewe na kaka yako. Haya, kaeni. Hemedi, weka hiyo simu chini. Mimi simsimulii mtu anayetazama kiganja chake.

Na mjue kwamba shughuli kwetu ni neno pana. Harusi ni shughuli, maulidi ni shughuli, na msiba nao, Mungu atuepushe, ni shughuli. Watu wanakusanyika, chakula kinapikwa, na kila mwanamke anatazamwa amevaa nini.

Huko Pangani, kabla mama yenu hajazaliwa, alikuwapo Bi Siwatu binti Makame. Nyumba yake na ya mama yangu zilikuwa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Tunu. Bi Siwatu alipenda nguo, si kidogo. Siku zile kanga ilivaliwa doti: upande wa juu na wa chini ni wa namna moja, rangi moja, maneno yale yale. Mwanamke aliyetoka nje na pande mbili zisizofanana, watu walijua ama ametoka jikoni mbio ama akili zimemruka. Bi Siwatu alikuwa mkali wa jambo hilo kupita wote. Upande mmoja ukiwa bado umelowa kambani, shughuli haendi. Anabaki nyumbani amenuna.

Tunu aliolewa na Shamte, bwana shamba, kijana mtulivu, na kazi ikampeleka Shamte Mpwapwa, walikokuwa jamaa zake. Tunu akashika mimba. Sasa mimba ya kwanza kwetu hurudi kwa mama. Mwezi wa saba ukiingia, binti hufungwa safari akazalie alikozaliwa. Tunu hakurudi. Mvua zilivunja daraja, Shamte akatumwa vijijini, wakasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Bi Siwatu akawa analala na wasiwasi na kuamka nao. Chakula kikawa hakipiti. Kila basi likipiga honi, yuko mlangoni.

Alasiri moja kondakta wa basi la Korogwe akaja kubisha hodi.

"Wewe ndiye Bi Siwatu? Nimeambiwa nikwambie uende Mpwapwa. Tunu yuko hospitali."

"Ana nini?"

"Sijui, mama."

"Kajifungua?"

"Mama, mimi nimeambiwa na dereva wa Morogoro, naye kaambiwa na mtu wa reli. Nimekuletea nilichopewa."

Akaondoka. Bi Siwatu alibaki pale mlangoni ameshika mwimo. Habari imepita kwa watu watatu, na haikubaki na kitu ndani yake ila hospitali na jina la mwanawe.

Basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Bi Siwatu akavuta sanduku, akaanza kupakia kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Alichokitia kwanza ni doti ya manjano aliyoiweka kwa ajili ya arobaini ya mjukuu, bado inanukia duka. Juu yake akatia gauni jekundu la hariri. "Anajifungua," akawa anasema peke yake. "Mwanangu anajifungua tu, basi. Wanawake wote wanajifungua."

Dada yake mkubwa, Bi Mwanahija, akaingia. Huyo alikuwa amezika mume na watoto wawili, na maneno yake yalikuwa machache. Akatazama sanduku, akatoka, akarudi na nguo zilizokunjwa vizuri: kaniki, na kanga nyeusi. Nguo za matanga. Akaziweka juu ya ile manjano.

"Nini hii?" akauliza Bi Siwatu.

"Chukua."

"Dada, ziondoe."

"Siwatu, hospitali si nyumba ya maulidi. Ukifika ukakuta watu wamekaa jamvini, utavaa nini? Manjano?"

"Unanichuria mwanangu! Yu hai, na wewe unamfungia nguo za kumzika!"

"Simfungii yeye. Nakusitiri wewe."

"Ziondoe, nimesema!" Akazinyakua, akazitupa sakafuni. Salha, usicheke, hayajakufika wewe. Mtu akiwa na mtoto mmoja, hata kunguru akilia juu ya paa anamrushia jiwe.

Bi Mwanahija akainama, akaziokota moja moja, akazikung'uta vumbi. "Haya, nenda na manjano yako," akasema. "Lakini ukiingia nayo kwenye kilio, wakweo watasema mama mtu alikuja kucheza ngoma."

Hapo mikono ya Bi Siwatu ikasimama. Akaitoa ile doti ya manjano, akaitoa na hariri, akakaa kitandani. Akishika nguo ya furaha, anaona anajipa mwenyewe kitu ambacho Mungu hajampa. Akishika nyeusi, anaona anamsukuma mwanawe kaburini kwa mkono wake. Mama yangu alipoingia kumpa pole, magharibi inaadhiniwa, alimkuta katikati ya nguo zilizotapakaa na sanduku ni tupu.

"Siwatu, mbona hujafunga? Basi la alfajiri halimsubiri mtu."

"Nifunge nini, shoga yangu? Kila nguo hapa inajua jambo nisilolijua mimi." Akalia kweli kweli, kilio cha kuogopa, ambacho ni kibaya kuliko cha msiba kwa sababu hakina cha kushika.

Mama akamwacha alie. Alipochoka, Bi Siwatu akajifuta uso kwa kiganja, akasimama. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: akaanza kuvunja doti zake. Hii akachukua upande mmoja wa bluu iliyoiva, mwenzake akamwacha. Ile akachukua upande mweupe wenye vitone vyeusi. Nyingine ya rangi ya kahawa. Akaongeza blauzi nyeupe na gauni la kijivu lisilo na mapambo. Akazitandaza kitandani. Akaweka ya kahawa juu, ya bluu chini. Akageuza: ya bluu juu, ya vitone chini. Ya vitone na gauni. Ya kahawa na blauzi. Kila alivyozichanganya zilikubaliana. Hakukuwa na nguo iliyopiga kelele, wala iliyolia.

Bi Mwanahija alikuwa amesimama mlangoni. "Utakwenda kwa wakwe na vipande?"

"Nakwenda na vipande."

"Watakucheka, Siwatu. Wewe, wa kuvaa vipande!"

"Wakinicheka na mwanangu yu hai, na wacheke mpaka meno yawadondoke. Na kama..." Hakuimaliza. "Dada, sijui ninakokwenda ni wapi. Nitafungaje nguo za mahali nisipopajua? Hizi zitavalika kwa lolote nitakalolikuta."

Bi Mwanahija alikaa, akamsaidia kukunja. Sanduku wakaliacha, maana kulikuwa na mto wa kuvuka. Vyote vikaingia kwenye furushi moja la kubeba kichwani.

Safari hiyo sikuwamo, nawapa kama alivyotupa mwenyewe. Korogwe, Morogoro, halafu treni. Ndani ya treni joto lilikuwa kali, akina mama wakavua mabuibui, na mmoja akamtazama nguo zake, akamuuliza, "Dada, unakwenda kwenye heri au kwenye shari?" Bi Siwatu akamjibu, "Nakwenda kwa mwanangu." Yule mama akammegea mkate. Bi Siwatu aliushika mkononi mpaka ukakauka. Kila treni iliposimama alihisi ni kwa sababu yake, kwamba kuna mtu atapanda na kuita jina lake.

Alishuka Gulwe. Mto ulikuwa umejaa, akavuka na watu, maji yakamfika mapajani. Upande wa chini ukaharibika kwa tope. Alipofika ng'ambo akajisitiri nyuma ya gari, akabadili ule wa chini tu, wa juu akabaki nao. Mwenye doti angelazimika kubadili pande zote mbili. Kisha akapanda lori la mahindi mpaka Mpwapwa, na njia nzima anaomba jambo moja: nimkute anapumua.

Akaonyeshwa nyumba ya Shamte. Alipokata kona akaona wanawake wamekaa jamvini uani, vichwa vimefunikwa. Akashika ukuta. Lakini pembeni, juu ya mafiga, kulikuwa na sufuria, na harufu ikamjia: uji wa pilipili manga. Uji huo hupikiwa mzazi. Hapikiwi maiti. Macho yakawa yanakwenda kwenye jamvi, yanarudi kwenye sufuria, na akili haikubali hili wala lile.

Shamte akatoka mbio kumpokea. "Karibu, mama. Kaa kwanza. Unywe maji."

Nyinyi ni watoto, lakini mtakua mtayajua maneno hayo. Mtu akikwambia kaa kwanza unywe maji, ujue amebeba jambo zito na anatafuta pa kulitua.

"Sinywi!" Bi Siwatu akasema. "Tunu yuko wapi?"

Shamte akageuka kuwatazama wanawake wa jamvini. Jirani yao, mwanamke wa hapo hapo Mpwapwa aitwaye Mama Ndahani, akainuka jamvini, akamshika mkono.

"Yumo ndani, mama. Mzima. Hospitali wamemruhusu jana."

"Mzima?"

"Wallahi mzima."

"Basi hawa wanamlilia nani?"

"Walikuwa mapacha. Wa kwanza alizaliwa, akalia, akakaa usiku mmoja tu. Tumemzika asubuhi ya leo. Wa pili yuko kifuani kwa mama yake, ananyonya."

Bi Siwatu akafunga macho. Mama Ndahani akaendelea kwa sauti ya chini. "Hatujui tufanye nini, mama. Kulia tunaogopa, mzazi yumo ndani na kichanga. Vigelegele tunaogopa, kaburi bado bichi. Aliingia mmoja amevaa kanga nyekundu, akamwambia Tunu shukuru Mungu umebakiziwa. Akaingia mwingine na nyeusi, akaangua kilio juu ya mtoto aliye hai. Tangu hapo Tunu amegeukia ukutani. Hali, hasemi."

Bi Siwatu akavua buibui. Chini yake ilikuwa ile ya rangi ya kahawa juu, na ya vitone chini. Wakwe waliziona zile pande mbili. Hakuna aliyecheka. Akaenda kwanza jamvini, akakaa na waliokaa, akapokea pole, akainua mikono akaomba dua kwa mjukuu aliyekwenda. Kisha akainuka na nguo zile zile, akaingia kwa aliyebaki.

Tunu alisikia hatua, akageuza shingo taratibu, kama mtu anayeogopa atakachokiona. Akamtazama mama yake kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama," akasema. "Nilikuwa nimelala hapa naogopa utaingia umevaa nini. Ungeingia na nyeusi, huyu asingekuwa amepokelewa. Ungeingia na za kung'aa, mwenzake ingekuwa kama hakuzaliwa."

Bi Siwatu akakaa kitandani, akampakata mtoto, akamtazama sana, akamtemea baraka kidogo kichwani. Ndipo akauliza swali ambalo nyumba nzima hakuna aliyethubutu kuliuliza:

"Na yule mwingine, mwanangu, alifanana na nani?"

Tunu akamwangalia. "Alifanana na wewe, mama," akasema. "Pua hii hii."

Akalia. Alilia mpaka shuka likalowa, na mama yake amemshika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una mtoto. Alipomaliza aliomba uji.

Uani walisikia ameomba uji. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kimoja, cha chini, kisha akajifunika uso akalia, na wote wakalia naye, na hakuna aliyeona ajabu.

Baadaye Mama Ndahani alimuuliza, "Mama, ulijuaje kufunga nguo za namna hii? Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," Bi Siwatu akajibu. "Ningejua, labda nisingefika. Lakini nguo ya safari, mwanangu, haichagui shughuli."

Wanawake wa jamvini wakalibeba neno hilo. Likashuka na treni, likarudi Pangani hata kabla ya mwenyewe kurudi. Mnamsikia shangazi yenu akilitumia kwa mabegi, na si vibaya, hata mabegi yamo. Lakini wazee walilisema kwa mtu anayekwenda asikokujua: asitangulize furaha, asitangulize kilio, ajifunge cha kumfaa kwa lolote aendako.

Salha, futa macho, hukuwa hata umezaliwa. Ndiyo yenyewe hiyo: nguo ya safari haichagui shughuli.