Jina la Mtoto wa Ng'ambo ya Mlima

Hapo zamani, tena zamani changa, isiyofika hata kwa bibi zetu, palikuwa na watu waliokimbia vita katika nchi ya ziwa wakaenda kuishi kaskazini, mbali kabisa, kwenye milima inayokaliwa na theluji nusu ya mwaka. Walifika hawajui hata koti la baridi linafungwaje. Wakajifunza. Wakaoana, wakazaa, wakapata kazi, na theluji ikawa yao kama ilivyo ya wenyeji.

Kati yao walikuwa dada wawili, Faila na Riziki. Faila, mkubwa, alikuwa mkunga katika mji mdogo upande huu wa mlima. Riziki aliolewa na mwanamume aitwaye Mmunga, wakakaa upande wa pili, kwenye shamba la kondoo. Mara mbili Riziki alishika mimba, na mara mbili ikatoka. Ya tatu ikakaa. Ikakaa mpaka mwezi wa nane, na ukoo mzima ukawa unaongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita karibu na mtu aliyelala.

Ndipo ikaja dhoruba. Asubuhi ilipotulia kidogo, simu ya Faila ikalia.

"Dada," alisema Mmunga, "Riziki anatoka damu. Na uchungu umeanza."

"Barabara je?"

"Imefukiwa. Na helikopta wamesema upepo wa juu bado mkali, haiwezi kuruka."

"Mlaze ubavu. Usimwache peke yake. Nakuja."

Alisema nakuja kabla hajajua atakwenda vipi.

Akawatafuta vijana wawili waliokulia pamoja katika kambi ya wakimbizi. Wa kwanza ni Wilondja. Huyu alikuwa na pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu, yenye mkanda nyuma na vibao viwili mbele, na kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo kwenye vibanda vya mlimani. Hakuna aliyeiendesha kama yeye. Wa pili ni Asukulu, aliyeajiriwa kupanda mlimani kila asubuhi, kuchimba theluji, kuitazama, na kuwatangazia watu wapi panapitika na wapi hapapitiki. Hawakuulizwa mara mbili. Asukulu akatangulia na pikipiki yake, Wilondja akampakia Faila na mkoba wake wa dawa, wakaondoka.

Wakapanda, wakapanda, hadi njia inapogawanyika. Njia fupi hukata katikati ya shavu la mlima, ubavu wake mtupu wenye mteremko mkali, na ukishavuka unaliona shamba. Njia ndefu huzunguka msituni, hushuka mtoni, kisha hupanda tena. Hapo Asukulu alizima injini, akachukua koleo, akachimba.

"Dada Faila, njoo uone."

Faila akainama. Juu palikuwa na bamba gumu lililoshindiliwa na upepo. Chini ya bamba, chembe zisizoshikana, kama sukari. Asukulu akagonga kwa kiganja, na bamba lote likateleza kwa pamoja likamwangukia miguuni.

"Shavu zima limekaa juu ya sukari hii," alisema. "Tukilikata katikati, linaweza kushuka nasi."

"Linaweza," alisema Wilondja. "Hukusema litashuka."

"Sisemi litashuka. Hilo hakuna anayelijua."

"Mimi napita pale kila mwaka. Nikikaza mwendo, ni dakika chache tu. Huko mtoni tutafika jua limegeuka. Mwenzetu anatoka damu, Asukulu."

"Nimesikia."

Wote wawili wakamtazama Faila. Naye akalitazama lile shavu jeupe, laini, lililotulia kama shuka iliyopigwa pasi. Akawaza: nikifukiwa hapa, dawa zimefukiwa nami, na Riziki hana wa kumfikia. Akawaza tena: nikichelewa, nitafika na dawa zangu kwa maiti.

"Twende mtoni," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

Wilondja hakubishana. Akageuza pikipiki, wakazunguka msituni, wakashuka mtoni. Na mtoni kulikuwa na jambo ambalo Asukulu hakuwa amelipima: maji yalikuwa yamepanda juu ya barafu yakajificha chini ya theluji. Pikipiki yake ikazama nusu, ikanasa kama gari kwenye tope. Ya Wilondja ilipoanza kuzama, Wilondja akaruka, akaingia maji ya mapaja, akaweka bega nyuma.

"Bonyeza mafuta, dada. Usiachie."

Faila akabonyeza. Wilondja akasukuma, akasukuma, hadi chombo kikapanda ng'ambo. Asukulu, aliyebaki na pikipiki iliyonasa, akapaza sauti kwamba angewasha moto, mwenzake akaushe viatu kwanza.

"Nikivivua vitaganda, havitavalika tena," alisema Wilondja, akakaa mbele, akaendesha. Kufika shambani, hakuweza kushuka bila kushikwa.

Faila aliingia ndani na theluji mabegani. Riziki alikuwa na rangi ya majivu. Mtoto akatoka muda mfupi baadaye, wa kike, kimya, amelegea. Faila akampulizia pumzi kinywani, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Mmunga akaugeukia ukuta. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia. Damu ya mama haikukubali kukoma. Faila alimkandamiza tumbo kwa mikono miwili, na hakuiondoa mpaka upepo ulipolegea na helikopta ikatua uwanjani.

Hospitalini waliokoa maisha ya Riziki, lakini walimtoa kizazi. Daktari alisema kwamba labda, kama angehudumiwa mapema, kingebaki. Wilondja alikatwa vidole vya mguu mmoja, vilivyoharibiwa na baridi. Mtoto hakuwa na kasoro.

Na lile shavu la mlima halikuporomoka. Faila alipita chini yake kila wiki hadi majira yakageuka. Theluji yake iliyeyuka polepole, palepale ilipolala, mpaka majani yakaonekana.

Siku ya kumpa mtoto jina, Riziki akawaita wote watatu.

"Sitazaa tena," alisema. "Jina la kutoa ninalo moja. Mimi na mume wangu tumekubaliana mtoto achukue jina la mmoja wenu, awe somo wake. Jina la mwanamume au la mwanamke, kwetu sawa. Semeni, nami nisikie."

Wilondja akasema, "Mimi nilitaka njia fupi. Mngenisikiliza, pengine leo Riziki angekuwa na kizazi. Hamkunisikiliza, nikatii, na vidole vyangu nikaviacha kwenye njia niliyoikataa. Shauri halikuwa langu, lakini gharama ilikuwa yangu."

Asukulu akasema, "Mimi sina kidonda cha kuwaonyesha. Mto sikuupima, hilo kosa ni langu. Lakini mnasema shavu halikuporomoka. Halikuporomoka bila sisi. Tukiwa juu yake, nani anajua? Kazi yangu ikienda vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina shahidi. Mmekaa hapa wote, mnapumua. Mimi naona hilo ndilo dai langu."

Mmunga akamsemea Faila: "Mtoto alitoka hapumui. Pumzi ya kwanza iliyoingia mwilini mwake ilikuwa ya mama yake mkubwa huyu. Na pale njiani, wanaume wawili walishindana kwa maneno, yeye ndiye aliyeubeba uamuzi."

"Shemeji, sema yote," alisema Faila. "Uamuzi huo ndio uliomtoa mdogo wangu kizazi, au ndio uliotuokoa sote, na sitajua kamwe ni lipi. Niliogopa pale. Mpaka leo sijui kama nilimwogopea Riziki au nilijiogopea mwenyewe. Lakini mikono iliyozuia damu ni hii. Nikisema silitamani jina hilo, nitakuwa nimedanganya."

Riziki aliwatazama mmoja mmoja. Mtoto alikuwa akinyonya, ameshika kidole cha mama yake.

Haya basi, ninyi mliokaa hapa mkasikia. Mmoja alisoma theluji, mmoja aliingia majini, mmoja alichagua njia kisha akapuliza pumzi. Msiniangalie mimi, jina silijui. Je, mtoto yule awe somo wa nani?